Barua kwa mwanangu: "mi nilicheka tu"

Mwanangu, mama yangu,

Za huko shule? Huku Igoma tuko wazima, bibi magoti yanamsumbua kama kawaida na paka kazaa tena, safari hii kwenye kabati la nguo zako. Hii barua naichapa kwenye simu alafu baba mdogo ataenda kuiprinti pale steshenari, maana nyie simu hamruhusiwi na mwandiko wangu unaujua mwenyewe.

Nisikuzungushe. Jumamosi nilivyokuja kukutembelea ulinipa ile stori ya netiboli, eti yule ponjoro, ndo mnavyowaita Wahindi, wa darasani kwenu kadondosha mpira mkafungwa, wenzako wakaanza kumwimbia "rudi Bombay, rudi Bombay", na wewe unanihadithia unacheka mpaka wali unakutoka mdomoni. Nikakuuliza, na wewe uliimba? Ukasema hapana mama, mi nilicheka tu. Basi kwenye gari nilirudi na hiyo "nilicheka tu", tumevuka daraja la Busisi lote hata ziwa sijaliangalia, na unajua mimi na lile daraja, kila nikipita lazima nimwambie jirani yangu habari za foleni ya kivuko.

Sijawahi kukusimulia vizuri nilivyofika mjini. Mwaka 1999 nimemaliza la saba, nikatolewa Kwimba kuja kufanya kazi za ndani kwa familia moja ya Kihindi, gorofani, katikati ya mji. Kazi haikuwa mbaya sana, mshahara ulikuwa unatoka. Ila kulikuwa na kikombe. Cha bati, cha bluu, kimebanduka rangi pale pa kuwekea mdomo, kinatundikwa kwenye msumari nje ya mlango wa jiko. Hicho ndo cha kwangu. Vikombe vya kabatini naviosha mimi, navikausha mimi, navipanga mimi, lakini kunywea ni mwiko, na hakuna aliyewahi kuniambia, siku ya kwanza nilionyeshwa tu msumari.

Sasa pale nyumbani kulikuwa na binti yao, umri kama wako hivi. Siku moja wana wageni, sebule imejaa, yule binti akaja jikoni akatoa kikombe changu msumarini, akajimiminia chai, akaenda kusimama mlangoni mama yake akimwona akawa anakunywa taratibu. Mama yake alisema kitu kwa Kigujarati ambacho sikuhitaji mkalimani. Wageni walipoondoka binti akala kofi. Kesho yake karudia. Keshokutwa kikombe hakipo, sijui alikitupa nani, nikanunuliwa cha plastiki kikatundikwa msumari uleule.

Kwaio sikudanganyi kwamba ukisimama mambo yanabadilika palepale, mimi niliendelea kunywea plastiki mpaka nilipoacha kazi. Ila toka siku ile nikawa natembea tofauti ndani ya ile nyumba. Nilikuwa najua kuna mtu mmoja ameona. Na angeweza kucheka tu, si ndio?

Utanijibu, mama lakini wao ndo wanatudharau, hata wewe umesema mwenyewe. Ndio, wapo. Na siku ukidharauliwa usinyamaze. Unakumbuka Desemba kule dukani yule mlinzi alivyokuwa anakufuata kila kona, wakati kuna mtoto wa Kizungu anashikashika vitu hakuna anayemwangalia? Nikamuuliza kwa sauti, kaka mbona unamfuata mwanangu peke yake, wewe ukanivuta mkono "mama twende, watu wanatuangalia". Mi nilitaka watuangalie. Na yule mlinzi ni mweusi kama sisi.

Babu yangu alikuwa analima pamba, na hadithi yake ilikuwa moja tu, mizani. Unabeba pamba yako kutwa nzima, unafika kwa mnunuzi, na wanunuzi wengi enzi hizo walikuwa Wahindi, mzigo ukipanda pale unapungua kama umelowa ukakauka. Watu walikuwa na hasira ya haki kabisa. Jibu lao wakina Paul Bomani lilikuwa kuanzisha vyama vya wakulima, wapime na wauze wenyewe, mwaka 1955 vikaungana vikawa shirikisho la Victoria, huyo ndo mzazi wa hiki chama cha ushirika cha Nyanza unachokisikia. Walipambana na mizani. Mtoto wa mwenye mizani hakuwa na kesi ya kujibu, kama huyo mwenzako asivyo na kesi kwako.

Alafu hiyo "rudi Bombay", anarudije mtu sehemu ambayo hajatoka? Amir Jamal aliyekuwa waziri wa fedha wa Mwalimu alizaliwa hapahapa Mwanza, 1922, babu yako hata hajazaliwa. Oktoba 1961, uhuru bado miezi miwili, kuna wabunge walitaka uraia uende kwa rangi, Mwalimu akakataa akasema bora ajiuzulu. Wakati ndo kwanza tulikuwa tumetoka kwenye uchaguzi wa kura tatu, ule wa 1958 na 1959, kila mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, kana kwamba nchi imegawanyika mafungu matatu sawasawa. Yani alikuwa na kila sababu ya kulipiza. Na ng'ambo ya ziwa hilihili, 1972, Amin aliwapa Wahindi siku 90 waondoke Uganda. Nao waliambiwa warudi kwao.

Sasa sikutumi ukahutubie paredi, utachekwa na wewe. Wakianza tena sema tu "jamani ana jina", alafu mpira uendelee. Bwaloni kaa naye. Wakikuita mke wa ponjoro, watakuita wiki moja watachoka, nawajua watoto.

Ila kuna kitu kimoja kimenikaa. Stori nzima ile, dakika ishirini, hukumtaja jina hata mara moja. Na mimi sikukuuliza.

Kwenye kifurushi kuna sabuni, dagaa za kukaanga (gawa, zisiozee kwenye tranka kama muhula uliopita) na karanga pakiti mbili. Moja nimeiandika jina lako. Ya pili nimeiacha hivyohivyo, kalamu iko ndani ya daftari jipya, andika wewe.

Mama yako.