Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: wazee waliopigana vita vya Kagera wapeni kadi ya matibabu wakiwa bado wanapumua

Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,

Kwa heshima na taadhima nakusalimu. Najua una kazi nyingi na barua za watu kama sisi nyingi zinaishia masijala, ndo maana hii nimeamua niiweke wazi, ikikupita wewe basi wataisoma Watanzania wengine na labda kati yao yupo atakayekufikishia.

Mimi ni mtoto wa mzee mmoja wa mkoa wa Mara aliyepigana vita vya Kagera, vile vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin wa Uganda. Hakuwa askari wa kuajiriwa, alikuwa mgambo, na naandika kwa ajili yake na wenzake waliobaki. Naomba kitu kimoja tu: kadi ya matibabu inayolipiwa na serikali, yenye jina la mzee, ipokelewe hospitali za serikali na hospitali za jeshi, aonyeshe atibiwe. Mambo mengine yote nitakayoandika humu ni ya kueleza kwa nini naomba hiyo kadi.

Nianze na yaliyotukuta majuzi maana ndo yamenifikisha hapa. Mzee miguu imeanza kufa ganzi, mgongo unamuuma hawezi kukaa, tukapewa rufaa kwenda hospitali moja kubwa, jina siliweki hapa kwa sababu sitaki ugomvi na mtu na matatizo haya si ya hospitali moja. Daktari akaandika kipimo cha MRI. Tukalipia, tukakaa foleni, tulipofika mlangoni yule kijana wa mashine akamuuliza mzee kama ana chuma chochote mwilini, pini, risasi, kitu chochote. Mzee akajibu anacho, kipande kiko pajani na vidogo viko karibu na kiuno, vimeingia Lukaya, Uganda, mwezi wa tatu 1979. Yule kijana akasimama anamwangalia. Akatueleza vizuri kabisa kwamba ile mashine ni sumaku kubwa sana, chuma kikivutwa ndani ya mwili kinaweza kukata mshipa, kwa hiyo haingii, itabidi apigwe eksirei kwanza halafu CT scan. Sina neno na yule kijana, alifanya kazi yake na pengine kamwokoa mzee wangu.

Neno langu linaanzia dirishani pa malipo. CT scan ni hela nyingine, laki mbili na kitu, na ile ya MRI kurudishiwa nayo ni safari yake. Nikasema huyu ni mzee, ana zaidi ya miaka 60, ana kitambulisho cha wazee, nikaambiwa kitambulisho kinamsaidia kumwona daktari, kipimo hicho hakimo, nenda ustawi wa jamii. Ustawi wa jamii wakataka barua ya mtendaji wa kijiji kwamba hana uwezo. Kijiji kiko mbali na hapo tulipo, mzee yuko kwenye benchi. Nikasema basi huyu alipigana vita, hicho chuma ni cha vita ya nchi hii. Dada wa dirishani akauliza kama ana bima, hana, kama ni mstaafu wa jeshi, mzee mwenyewe akataja namba yake ya jeshi bila kusita, namba aliyopewa 1978, yule dada akaiandika kwenye kompyuta akasema haipo kwenye mfumo. Akajaribu tena. Haipo.

Mheshimiwa, mzee wangu hakusema kitu. Alivaa kofia yake akaniambia twende nyumbani. Nimemjua baba yangu maisha yangu yote na sijawahi kumwona ameinamisha kichwa namna ile.

Sasa naomba nikukumbushe hao watu ni akina nani, si kwamba hujui, wewe unajua kuliko mimi, ila naona kama yamesahaulika pale hela zinapogawanywa. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakaingia Kagera, yakaua watu, yakachukua ng'ombe, yakavunja daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akahutubia taifa akasema sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Jeshi letu lilikuwa dogo kwa vita ya namna ile, ndo wakachukuliwa mgambo, JKT, polisi, magereza, vijana wa vijijini kwa maelfu. Baba alitoka shambani. Wakapewa mafunzo ya haraka, wakapelekwa mbele, na sehemu kubwa ya safari ile mpaka Kampala waliitembea kwa miguu, na mizigo mgongoni.

Brigedi ya 201 aliyokuwemo baba ilikuwa karibu yote ni mgambo, wengi hawajawahi kupigana hata siku moja. Tarehe 10 Machi 1979 pale Lukaya, kwenye barabara iliyopita katikati ya kinamasi cha mafunjo, walikutana na kikosi cha Amin kilichoongezewa Walibya waliotumwa na Gaddafi, na Walibya wakaanza kuwamiminia maroketi ya Katyusha. Baba anasema huwezi kukimbilia popote, kushoto maji kulia maji, ukilala barabarani ni roketi na ukiingia kwenye mafunjo humwoni mwenzako. Walirudi nyuma kwa mchafuko, hilo hata vitabu vinasema. Kesho yake Brigedi ya 208 ikazunguka ikampiga adui kwa ubavuni na hao mgambo wakarudi kupigana, na Lukaya ikachukuliwa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ikawa mikononi mwa jeshi letu, JWTZ. Chuma kilichomzuia mzee kuingia kwenye mashine ni cha pale Lukaya, na kuna wengine wamezikwa Kaboya kule Muleba ambao hata huo uzee wa kuumwa hawakuupata.

Vita ikaisha, tukaambiwa tufunge mkanda miezi 18, mkanda ukafungwa miaka. Jeshi likapunguzwa, mgambo wakarudishwa makwao. Baba alipewa nauli na karatasi. Hiyo karatasi ilikaa kwenye sanduku la bati, mvua ikaingia, wino ukaenda, imebaki muhuri nusu. Aliyekuwa wa kuajiriwa alibaki kazini akastaafu akapata pensheni, hata kama ni kidogo ana namba, ana jina mahali. Huyu wa mgambo risasi zilikuwa zile zile na roketi zile zile lakini akirudi ni mkulima tu. Nadhani hapo ndo tatizo lilipoanzia. Nadhani majina yalibaki kwenye madaftari ya wilaya na ya vikosi, mengine yameliwa na mchwa, na kompyuta zilipokuja hakuna aliyetumwa kuyahamisha. Labda pia kuna watu wanaogopa kwamba wakifungua mlango watakuja wengi na wengine wa uongo. Mheshimiwa, hebu tupige hesabu pamoja. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 leo anakaribia 70, na wengi walikuwa wakubwa kuliko hapo. Jenerali Musuguri aliyewaongoza alituacha Oktoba 2024 akiwa na miaka 104, na vijana wake wanaondoka kila mwezi, kwenye tarafa yetu tumezika wengine mwaka huu. Hawa si wengi tena. Na kila mwaka serikali inapochelewa gharama inapungua kwa sababu wanakufa, na hilo ndo linaniuma kupita yote, maana mtu anaweza kufikiri kwamba ndo mpango wenyewe. Sitaki kuamini hivyo. Nionyeshe kwamba sivyo.

Kila tarehe 25 Julai tunaona kwenye televisheni Siku ya Mashujaa. Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, tarumbeta inalia, wazee wachache wenye medali wanaonyeshwa wamekaa kwenye viti. Baba anaiangalia kila mwaka, anasimama pale sebuleni mpaka wimbo wa taifa uishe, na sikio la kushoto halisikii tangu Lukaya kwa hiyo redio au tivii lazima iwe juu kabisa. Naheshimu ile siku. Lakini ikifika tarehe 26 nani anamlipia dawa? Serikali zote tangu nikiwa mtoto nazisikia zikisema mashujaa wetu tunawathamini, hotuba hizo mmezitoa nyinyi wenyewe, mbele ya bendera.

Alafu mnatuambia wazee wanatibiwa bure. Sera ya Taifa ya Wazee ni ya 2003, imeandikwa vizuri, na hospitalini kuna vibao vya kumpisha mzee. Mzee wangu wamempisha kweli, wakampisha mpaka dirishani, na pale dirishani kikaulizwa cha kulipia. Dawa ya presha ipo, ya maumivu utaambiwa kanunue nje. Novemba 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na ndani yake kuna mpango wa kuwalipia wasio na uwezo. Nilifurahi sana siku ile. Sasa naomba mtu aniambie, mgambo wa Kagera anaingia kwenye kundi gani, na kwa nini lazima aombewe barua kwamba ni maskini? Yeye hadai kwa umaskini. Anadai kwa sababu alitumwa akaenda.

Wenzetu wamefanya. Afrika Kusini wana sheria ya maveterani tangu 2011 na matibabu yamo ndani. Kenya wamepitisha ya kwao 2022. Uganda, Mheshimiwa, Uganda ile ile ambayo baba zetu walienda kumtoa Amin, wizara yao inaitwa Wizara ya Ulinzi na Masuala ya Maveterani, imeandikwa kwenye jina kabisa, na kuna waziri wa nchi wa hao maveterani. Najua kwenye karatasi na kwenye maisha ni vitu viwili, na huko nako wapo wanaolalamika, lakini angalau mzee wa kule anajua mlango wa kugonga ni upi. Sisi ukienda ofisi moja unaambiwa hili ni la Afya, Afya wanasema ni la TAMISEMI, yaani wa serikali za mitaa, TAMISEMI wanasema mbona huyu ni wa Ulinzi, na mzee anazungushwa kama karatasi isiyo na mwenyewe.

Kuna jambo lingine ambalo halionekani kwenye eksirei. Baba usiku anaamka anauliza lindo la nani. Mama alikuwa anamjibu kwamba ni la fulani, lala, na analala. Mama ametutoka, sasa najibu mimi. Miaka yote hiyo hakuna daktari aliyewahi kumkalisha akamuuliza habari za vita, na tulipokuwa wadogo tulidhani ni pombe, au wamemroga, ndivyo kijiji kilivyosema. Leo vijana wetu wamekwenda Darfur, wamekwenda Kongo, Desemba 2017 pale Semuliki tulipoteza wanajeshi kwa mara moja na wengi wakarudi na majeraha. Hao nao wanazeeka. Anachofanyiwa baba yangu wanakiona, na wake zao wanakiona.

Mheshimiwa Waziri, sijaomba nyumba, sijaomba shamba wala malimbikizo ya miaka yote hiyo, ingawa wapo wazee wanaodai na wana haki. Tumeuza ng'ombe kulipia CT scan na tutauza mwingine kwa ajili ya dawa, na ng'ombe wakiisha sijui. Naomba kadi. Kama majina hayapo kwenye mfumo, tumeni maafisa wa jeshi waende kata kwa kata, wakae na wazee, wawaulize kamanda wao alikuwa nani, walivukia wapi, Lukaya kulikuwaje. Mwongo hawezi kujibu hayo mbele ya wenzake waliokuwepo. Kazi hiyo si ya miaka mitano, ni ya miezi. Na bajeti ya wizara yako inasomwa Dodoma mwezi wa tano, naomba mwaka huu iwe na mstari mmoja wenye hela kwa ajili ya matibabu ya wapiganaji wa Kagera, wa mgambo wakiwemo, waandikwe hivyo hivyo, mgambo, asije mtu dirishani akasema hawahusiki.

Nimeambatanisha namba ya jeshi ya baba kwenye nakala niliyoituma wizarani kwa posta, hapa siiweki. Iangalieni. Kama haipo, iandikeni, mwenyewe bado yupo hai na anaikumbuka.

Nasubiri jibu lako,

Mtoto wa mgambo wa Brigedi ya 201,
Mara