Pimeni kabla hamjauwasha

Sinza, Dar es Salaam

Ndugu yangu,

Salaam. Mzabuni ameandika kwamba mfumo wenu wa kompyuta wa kuhudumia wagonjwa umekamilika: kwa wakati, ndani ya bajeti, moduli (sehemu za programu) zote zipo. Sawa, ila hayo yanampima yeye. Mfumo wenyewe bado.

Nenda kwa wadau: mapokezi, keshia, nesi, mfamasia, mhasibu, mganga mfawidhi, na mgonjwa, ambaye husahaulika kila mara. Kila mmoja kivyake, nusu saa. Ukiwakusanya chumba kimoja, watarudia atakachosema mganga mfawidhi. Muulize anataka nini, kisha "ili iweje?" mara mbili tatu. Keshia atasema skrini ifunguke haraka. Ili iweje? Foleni ipungue. Ili iweje? Mgonjwa asizungushwe madirisha matatu ndipo amwone daktari. Hapo ndipo pa kupima. Skrini ni njia tu.

Kila mdau mpe pointi 100 azigawe kwenye mambo yake matano, kadiri yanavyomgusa. Asaini, karatasi ifungiwe. Zikiachwa wazi, matokeo yakiwa mabaya mtashangaa pointi zimehama.

Halafu shika saa kabla mfumo haujawashwa: dakika ngapi tangu mgonjwa apewe namba hadi dawa iwe mkononi? Chukua wagonjwa 30 Jumatatu foleni ikiwa ndefu, na 30 Alhamisi. Andika pia fedha za keshia zinazopishana na risiti kila jioni. Wengi huruka hatua hii, kisha hawana cha kulinganisha. Rudia mwezi wa tatu na wa sita tangu mfumo uwashwe, siku zilezile. Mwezi wa kwanza watu bado wanatafuta vitufe.

Idadi ya wanaoingia kwenye mfumo isikudanganye. Matumizi yakiwa ya lazima, hata anayeuchukia ataingia. Modeli ya 1992 ya DeLone na McLean, watafiti wa mifumo ya habari, iliweka matumizi kati ya vipimo vya mafanikio, ikakosolewa, na wenyewe wakaihuisha 2003. Wewe chungulia chini ya meza ya nesi: kaunta buku ikiwa bado ipo na ina maandishi ya leo, anaandika mara mbili.

Na tafadhali, usitoe wastani mmoja. Mhasibu akiupa mfumo alama 90 kati ya 100 na nesi 30, wastani ni 60. Kwenye kikao utasomeka vizuri, na kaunta buku itabaki pale pale. Kila mdau awe na mstari wake.

Nitumie karatasi za pointi kabla hamjauwasha.

Wasalaam,
Rafiki yako