Na picha ya Susi iko wapi?

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi, naomba nafasi kidogo. Kuna makumbusho ya picha za watu kule London, National Portrait Gallery, ilifungwa miaka mitatu ikakarabatiwa ikafunguliwa tena Juni 2023, huwa naiperuzi kwenye simu bando likiruhusu na kwakweli wamejitahidi, kuta zote wamezipanga upya. Ila picha yao moja ya enzi za Malkia Victoria inanikereketa. Aliichora Thomas Jones Barker miaka ya 1860, malkia anamkabidhi Biblia Mwafrika aliyeinama mbele yake, pembeni yupo mumewe Albert na wakubwa kina Palmerston na Russell. Hao wote wanatajwa majina, aliyeinama hana jina!

Sasa kabla hatujawasema wazungu tujiangalie na sisi. Mgeni akija hapa Ujiji anapelekwa kwenye sanamu za mmisionari Livingstone na mwandishi wa habari Stanley aliyekuja kumtafuta, wanasalimiana, anapiga selfi, anapanda bajaji anarudi mjini. Wakati mwaka 1871 Stanley anaingia Ujiji, waliotangulia kumsalimia njiani ni Susi na Chuma, Waafrika waliokuwa watumishi wa Livingstone, na Susi ndo alikimbia kumwambia Livingstone kuna Mwingereza kaja. Afu Livingstone alipofariki Mei 1873 kule Chitambo, ambako leo ni Zambia, hawa na wenzao wakaukausha mwili wakaubeba mpaka Bagamoyo, safari ya miezi, walipofika Kwihara pale Tabora wakamkuta Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone, akawashauri wamzike hapohapo, wakagoma. Halafu sikia hii, mazishi kwenye kanisa la Westminster Abbey kule London Aprili 1874 wao hawakuwepo, aliyekuwepo ni mwenzao Jacob Wainwright, Susi na Chuma wamefika Uingereza mtu kashazikwa. Mimi hapo huwa nakasirika mwenyewe jamani.

Bahati nzuri walipigwa picha hukohuko Uingereza mwaka huohuo, zipo. Ombi langu kwa wanaohusika, mkikarabati tena makumbusho ya hapa Ujiji zikuzwe hizo picha ukuta mzima, maelezo ya Kiswahili yawe juu na makubwa, watoto wa shule wasome wenyewe bila kusubiri mwongoza wageni awatafsirie. Kuchapisha bango si gharama ya kutisha, mbona ya kampeni yanajaa mpaka kwenye miembe. Na Tabora pale Kwihara kwenye tembe alilokaa Livingstone wafanye hivyohivyo, na habari ya Cameron waiweke maana ilitokea kwao.

Msomaji wenu,
Ujiji, Kigoma