Ramani za maeneo tete zinatazama upande mmoja

Mhariri,

Kila uchaguzi ukikaribia, orodha za maeneo tete, yaani yanayohofiwa kuzuka ghasia, hutolewa, na Kondele, mtaa wa hapa Kisumu, haikosi. Hufuata Manyatta, Obunga na Nyalenda, na kule Nakuru watu hunong'ona kuhusu Kaptembwo na Rhonda. Tunaoishi humu tunasomewa orodha hiyo kama mashtaka, bila kuulizwa lolote.

Sikatai kwamba mawe yamerushwa na maduka ya Kisumu yakaporwa na kuchomwa. Walioporwa ni majirani zetu, na hasara ile iliwaua wengine kibiashara. Lakini Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia za 2007 na 2008, ilihesabu vifo 1,133, na kati ya hivyo 405 vilitokana na risasi. Kijana wa Kondele hana bunduki. Tume hiyohiyo ilipokea ushahidi kwamba mashambulizi ya Nakuru na Naivasha, Januari 2008, yalipangwa, na kwamba wanasiasa na wenye fedha walikuwa nyuma yake. Mbona sijawahi kuona mtaa wa mabwanyenye ukipakwa rangi nyekundu kwenye ramani?

Hofu ya aina hii huua. Askari akitumwa mtaani akiwa ameshaambiwa kwamba humo mna wahuni, hatofautishi nyumba na nyumba. Agosti 2017 polisi waliingia Nyalenda usiku, wakampiga mtoto Samantha Pendo, wa miezi sita, ndani ya nyumba ya wazazi wake. Alifia hospitalini. Mwaka 2019 mahakama iliyochunguza kifo chake iliwabebesha lawama makamanda wa polisi.

Wanaobaki hai nao hulipa. Mpwa wangu alikwenda Nakuru kuomba kazi ya dukani. Alipotaja kwao, mwenye duka akamuuliza kama watu wake watatulia safari hii. Kijana ana rasta, basi hata cheti chake hakikufunguliwa. Aliambiwa atapigiwa simu, na hajapigiwa.

Wala sisi wa Kisumu hatujaepuka doa hili. Mama Msomali akipanda matatu na mkoba mkubwa, abiria huanza kutazamana, na wengine husogea. Tumesahau kwamba mmoja wa magaidi walioshambulia hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi, Januari 2019, alikuwa Ali Salim Gichunge, mwana wa mwanajeshi wa Kenya, aliyeishi Kiambu kati ya majirani wasiomshuku. Macho yote yalikuwa kwa Wasomali, ambao maelfu yao walikamatwa katika msako wa Aprili 2014 na wengi kuzuiliwa uwanjani Kasarani.

Tume ya Uwiano na Utangamano, inayotoa orodha hizi, inapotaja mtaa, itaje pia sababu: ni tukio gani, nani alimuumiza nani, na kwa silaha ipi. Itaje wanaolipia vurugu, na vituo vya polisi ambavyo askari wake walishafyatulia wakazi risasi. Nanyi gazetini, msitume kamera zote kwenye mzunguko wa Kondele siku ya kura na kusubiri moshi. Njooni mapema, Juni au Julai 2027, mzungumze na wanabodaboda wa pale, na kina mama wa soko la Kibuye, mwaulize nani amekuwa akipita usiku kugawa pesa. Wanamjua.

Mkazi wa Manyatta,
Kisumu