Barua ya malalamiko: simu nimenunua mimi, kamari mmeiweka nyinyi

Wete,
Mkoa wa Kaskazini Pemba.
Februari 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Simu,
Ofisi ya Tanzania,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Assalamu alaykum.

YAH: MATANGAZO NA PROGRAMU ZISIZOONDOLEKA KATIKA SIMU ZENU

Nataka programu ya kamari itoke katika simu yangu na katika simu ya mama yangu. Ombi hili nimelitanguliza makusudi, ili hata asiyeifikisha barua hii mwisho ajue nimeandika kwa sababu gani. Mengine nitayaeleza hapa chini.

Simu mbili za aina moja nilizinunua katika duka moja la Chake Chake, moja yangu na moja ya mama. Risiti ninazo, na vitabu vya garantii vimepigwa muhuri. Nilizichagua kwa sababu ya kamera, betri na ile nafasi ya GB 64, kwani mimi ni mwalimu na nahifadhi picha na mitihani mingi. Na kwa haki kabisa naandika kuwa betri inakaa, picha zinatoka vizuri, na hata mtandao ukiwa dhaifu sauti inasikika. Chombo chenyewe sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni vile mlivyoviacha ndani.

Nilipoiwasha mara ya kwanza, kabla sijaweka hata laini, tayari mlikuwamo michezo ambayo sikuiomba, vivinjari viwili, programu ya habari za watu mashuhuri, programu ya mikopo ya haraka, na hiyo ya kubeti mpira. Nilikwenda kwenye Mipangilio kuziondoa. Michezo ilikubali kusaniduliwa. Programu ya mikopo iliniruhusu kuizima tu, ikabaki imelala ndani inakula nafasi. Programu ya kubeti na ile ya mapambo ya kioo, ambayo ndiyo inayoleta matangazo, maandishi yake ya Sanidua na Zima yote yamepauka, hata ukibonyeza hakuna kinachotokea. Yaani mtu ametoa pesa zake, ameandikiwa risiti kwa jina lake, kisha kuna vitu ndani ya mali yake ambavyo amri yake haivifikii. Ni sawa na kuuziwa nyumba, kisha aliyekuuzia akabakisha ufunguo wake na akawa anaingiza wageni usiku na mchana.

Matangazo hayo hayana wakati wala mahali. Yanakuja ukifungua kioo, yanakuja ukishusha arifa, na ukimaliza tu kuzungumza na mtu yanajaza kioo kizima, na alama ya kuyafungia ni ndogo mno, imewekwa pembeni kabisa na rangi yake imefanana na ya tangazo.

Nitakupa mfano mmoja wa skuli. Projekta yetu haifanyi kazi, kwa hivyo nikisomesha Jiografia huwa naipitisha simu dawati kwa dawati ili wanafunzi waone picha. Siku hiyo tulikuwa kwenye mikoko, mada ambayo watoto wa Pemba wanaijua kwa macho yao, na nilikuwa nimefurahi kwamba kwa mara moja kitabu na maisha yao vimekutana. Simu ilipofika madawati ya nyuma tangazo likafunguka lenyewe: jisajili, upate bonasi, ubashiri mechi za leo. Kijana mmoja wa Kidato cha Pili akanyoosha mkono, kwa adabu zote, akaniuliza: "Mwalimu, hii bonasi mtu anaitoa vipi?" Hakuwa na utani. Alikuwa anauliza kama anavyouliza jambo lolote aliloliona mkononi mwa mwalimu wake. Ndugu Meneja, kwetu kamari ni haramu, na hata asiyefuata dini yetu anajua kwamba mtoto hakaribishwi kwenye kamari. Mimi nimekaa miaka nikiwafundisha watoto hawa waniamini. Tangazo lenu likapita kwa mkono wangu, na wala sikuulizwa.

Kwa mama yangu jambo ni zito zaidi. Mama anasoma herufi za Kiarabu vizuri sana, msahafu anaumaliza, lakini herufi za kizungu hazijui. Simu nilimnunulia kwa ajili ya kitu kimoja tu: ndugu yangu yuko Maskati, na Ijumaa baada ya sala humpigia kwa WhatsApp wakaonana. Nilimfundisha: kikitokea kijani, gusa. Alilishika somo lake. Sasa tangazo linapotangulia juu ya kioo na kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa Kubali, mama anafanya kile alichofundishwa, anagusa. Hivyo ndivyo alivyounganishwa na huduma ya meseji za kila siku ambayo hakuijua ni nini, na vocha aliyowekewa na wajukuu ikawa inakatwa kidogo kidogo mpaka inaisha. Alikuwa akiniambia simu inameza pesa, na akadhani yeye ndiye aliyeiharibu. Kwa muda aliacha kabisa kuishika, na mwanawe akawa anapiga bila ya kupokelewa. Nilikwenda mwenyewe kuiondoa huduma ile, nikamfahamisha kwamba hakuharibu kitu. Lakini mtu mzima akishaingiwa na hofu ya chombo, hofu hiyo haiondoki kwa maneno ya siku moja.

Kuna na suala la bando. Matangazo ya video hayashuki kutoka hewani bure, yanatumia data niliyoilipia mimi. Nimefungua ukurasa wa Matumizi ya Data katika simu yangu, nikakuta programu yenu ya mapambo ya kioo ni ya pili kwa kula MB, baada ya WhatsApp tu. Imepita kivinjari ninachotafutia masomo. Skrinishoti nimeambatanisha. Huku kwetu watu wengi hununua bando la siku kwa fedha ya siku, na mtu wa namna hiyo akilipishwa kila asubuhi gharama ya kuoneshwa biashara za watu wengine, anapunguziwa kitu kinachoonekana nyumbani kwake.

Nililalamika kwa njia yenu ya mazungumzo ya mtandaoni. Kijana aliyenijibu alikuwa mwenye adabu, simlaumu, lakini majibu aliyopewa ayatoe hayakuwa majibu. Kwanza aliniambia nisafishe kache na niwashe simu upya. Kisha akasema nirudishe simu katika hali ya kiwandani. Nilihamisha vitu vyangu vyote, nikafanya hivyo, na programu zile zikarudi zote, hata ile michezo niliyokwisha kuisanidua. Bila shaka zingerudi, kwa sababu mmezipachika katika sehemu ya mfumo, ile ambayo mwenye simu hana ruhusa ya kuigusa, na hali ya kiwandani ndiyo hali mliyozipachikia. Mwisho akanielekeza nizime arifa na nizime lile chaguo la mapendekezo, moja moja, katika kila programu. Hilo lilisaidia. Kisha likaja sasisho la mfumo, ambalo nyinyi wenyewe mnasisitiza tulipokee kwa ajili ya usalama, na lilipomaliza kujiweka matangazo yalikuwa yamewashwa tena.

Fundi wa simu wa Chake Chake aliniambia anaweza kuzitoa kwa kuiunganisha simu na kompyuta na kuandika amri. Lakini kitabu chenu cha garantii kinasema mtu akiuchezea mfumo garantii inakufa. Kwa hivyo mmenipa njia mbili: nibaki na kamari, au nibaki bila ya garantii. Sikubali hata moja.

Nimeambiwa pia, na mwenye duka, kuwa simu za bei yetu ndivyo zilivyo. Biashara hii naifahamu. Faida ya simu ya bei nafuu ni ndogo, na kampuni hujazia kwa kulipwa na wenye programu ili ziwekwe humo mapema, kisha ikalipwa tena kwa matangazo yanayooneshwa. Kama ndiyo hivyo, basi simu hii ina bei mbili, na mimi dukani nimeoneshwa moja. Mwaka 2011 Amazon ilipotoa Kindle ya kusomea vitabu yenye matangazo, iliiuza dola 114, na isiyo na matangazo ikaendelea kuuzwa dola 139. Mnunuzi aliziona zote mbili na akachagua mwenyewe. Hilo nalikubali. Mngeniwekea simu mbili mezani, moja yenye matangazo na nyingine isiyokuwa nayo kwa bei ya juu kidogo, ningeongeza pesa, na ya mama ningeiongezea kabla ya yangu. Lakini boksi lenu limeandikwa kamera, betri na nafasi. Hakuna popote palipoandikwa kwamba nitakuwa naoneshwa kamari.

Wala isisemwe kwamba haiwezekani. Korea Kusini mwaka 2014 iliweka mwongozo wa kutaka programu zisizo za lazima zilizowekwa kabla ya kuuzwa simu ziwe zinaondoleka. China, ambako simu nyingi tunazotumia hapa hutengenezwa, ina kanuni inayotumika tangu tarehe 1 Januari 2023: programu zote zilizotangulizwa lazima mtumiaji aweze kuzisanidua, isipokuwa zile za msingi kama mipangilio, kupiga simu, meseji, orodha ya majina, kivinjari na duka la programu. Kubeti mpira hakumo katika orodha hiyo. Umoja wa Ulaya nao, kuanzia Machi 2024, unayalazimisha makampuni makubwa yanayosimamia mifumo ya simu yamrahisishie mtumiaji kuondoa programu asizozitaka. Kitufe cha Sanidua basi kinajulikana namna ya kuwashwa. Wahandisi wanaowawashia watu wa huko wanaweza kuwawashia watu wa Pemba.

Hapa nchini tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumiwa vipi, na haki ya kuzuia zisitumiwe kumfanyia matangazo ya biashara. Kwa barua hii nazitumia haki zote mbili, kwa simu yangu na kwa ya mama, ambaye amenituma nimwandikie. Nijulisheni kwa maandishi, kwa Kiswahili, programu ya mapambo ya kioo inachukua taarifa gani na inampelekea nani, kisha muache kuzitumia taarifa hizo kutufanyia matangazo.

Baada ya hilo, hivi ndivyo ninavyodai. Katika sasisho lijalo programu ya kubeti ifutwe katika simu zote zilizouzwa Zanzibar, bila ya kumtaka mtu abonyeze chochote, kwa sababu wako wengi kama mama yangu ambao hawatajua pa kubonyeza. Zile nyingine mlizozitanguliza ziwashiwe Sanidua, kila mtu aamue mwenyewe. Matangazo ya mfumo yawe na swichi moja inayozima yote, na swichi hiyo ibaki pale mwenye simu alipoiweka hata masasisho mangapi yapite. Na kwenye boksi, upande ule ule mlioandika kamera na betri, muandike kwa Kiswahili kwamba simu hii huonesha matangazo, kama mna nia ya kuendelea nayo. Mama nitamrejeshea mwenyewe pesa ya vocha, ni ndogo. Ninachokitaka kwenu kwa ajili yake ni kwamba kioo chake kisizibwe tena wakati anapigiwa simu.

Kama haya hamuwezi, basi liagizeni duka la Chake Chake lipokee simu zote mbili na lirejeshe fedha kamili. Msinitake nizilete Dar es Salaam. Nauli ya boti na gari kwenda na kurudi itakula sehemu kubwa ya thamani ya simu, na kosa si la kwangu mimi wala la mwenye duka.

Jina la kampuni yenu limo katika barua iliyokuja kwenu. Katika nakala ninayoiweka hadharani nimeliacha wazi, ili mpate nafasi ya kurekebisha kabla ya kutajwa. Nawapa siku 14 tangu mtakapoipokea. Zikipita bila ya jibu la maandishi, nitapeleka malalamiko rasmi Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, na jina litajazwa. Walimu wenzangu kadhaa wana simu za aina hii hii, nao wako tayari kutia saini.

Nimeambatanisha nakala za risiti, nakala za garantii, skrinishoti ya matumizi ya data, na picha ya tangazo lililofunika simu ya Maskati, ambayo mjukuu aliipiga kwa simu nyingine mbele ya bibi yake.

Wenu,

Mwalimu wa Jiografia,
Wete, Pemba.