Risasi za jeshi na za raia si kitu kimoja

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno juu ya haya maneno yanayozunguka hapa Lamu, ati risasi ni risasi, bora imeingia kwenye chemba, pale ndani ya bunduki inapokaa kabla ya kupigwa. Nimeyasikia kwa vijana wa polisi wa akiba na hata kwa watu wazima wenye leseni zao, na yananitia wasiwasi kweli manake huku kwetu kuanzia Hindi mpaka Kiunga bunduki si mambo ya sinema, kuna wanakijiji wamepewa bunduki za kijeshi za G3 walinde watu usiku.

Hiyo G3 inakula risasi ya 7.62, yaani ya mtutu wa milimita 7.62, ya NATO, ule muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, ganda lake urefu milimita 51. AK nayo ni 7.62 lakini ganda ni milimita 39, kwa hivyo mtu akikwambia nipe za 7.62 bado hajasema kitu. Hizo ukiziweka pamoja hata mtoto ataona tofauti. Shida iko kwa zinazofanana, yaani hiyo ya G3 na .308 Winchester ya raia, ambayo ilitoka 1952, NATO wakaja kupitisha yao 1954. Kwa macho huzitambui. Lakini chemba ya jeshi huachwa na nafasi kidogo ili bunduki isikwame hata ikiingia uchafu, ndo maana ganda la jeshi hufanywa lenye kuta nene livumilie. La raia mara nyingi ni jembamba zaidi, likipigwa humo linavutika na linaweza kukatika, kipande kikabaki ndani na bunduki ikafa mkononi mwa mtu saa anayoihitaji. Okota ganda lililotoka kwa G3 ulitazame, utaona mistari myeusi ya moshi imeshuka ubavuni, ni kwa sababu chemba ile ina mifereji na ganda linang'olewa kwa nguvu sana, sasa fikiria lile jembamba hapo.

Kwa 5.56, risasi nyingine ya NATO iliyo ndogo zaidi, na .223 Remington, pacha wake wa raia, mambo yanageuka. .223 Remington ukiipiga kwa bunduki ya 5.56 hakuna neno. Kinyume chake ndo hatari: koo la chemba ya .223, yaani ile nafasi iliyo mbele ya ganda, ni fupi, kichwa cha risasi ya jeshi kinagusa mapema mitaro ya mtutu, ile inayoizungusha risasi, na presha inaweza kupanda kupita kiasi. SAAMI, wale wanaoweka vipimo vya risasi za raia huko Marekani, wanasema wazi hiyo si salama.

Ombi langu ni kwa wanaogawa risasi. Polisi wa akiba waonyeshwe kitako cha ganda, kile kiduara chenye msalaba ndani ni alama ya NATO, na wafundishwe kusoma maandishi yaliyochongwa kwenye bunduki yenyewe kabla hawajatia kitu. Tena wafundishwe kwa Kiswahili, si karatasi ya Kiingereza ya kutia sahihi tu. Na wewe mwenye leseni, mtutu ukiwa umeandikwa .223 basi 5.56 usiitie hata ukipewa bure.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu