Gemu za kaseti zitunzwe kabla hazijaishia kwenye vyuma chakavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jambo lililonijia nilipotembelea, pamoja na mwanangu wa miaka 12, Makumbusho ya Michezo ya Kompyuta yaliyopo barabara ya Karl-Marx-Allee hapa Berlin ninakoishi. Makumbusho hayo yalianza mwaka 1997, yakakaa miaka kadhaa bila ukumbi wa kudumu, kisha yakafunguliwa upya Januari 2011 katika jengo ambalo enzi za Ujerumani Mashariki lilikuwa mkahawa mkubwa ulioitwa Café Warschau. Nakiri kwamba nilikwenda kumridhisha mtoto tu, kwa maana nami ni miongoni mwa wazazi waliozoea kusema kwamba gemu humpotezea kijana muda wake; lakini ilipofika saa ya kuondoka, mtoto ndiye aliyenivuta mkono.

Kilichonishika kwanza ni mfano wa mashine iitwayo Nimrod, ambayo kampuni ya Ferranti ya Uingereza iliitengeneza mwaka 1951 kwa ajili ya maonyesho makubwa ya nchi hiyo na kuileta Berlin mwaka huohuo. Nimrod ilikuwa kubwa kama kabati la ukuta mzima, na kazi yake ilikuwa moja tu, yaani kucheza Nim, mchezo ambao wachezaji wawili huondoa kete kwa zamu kutoka katika mafungu hadi zimalizike. Msomaji aliyewahi kukaa barazani kutazama mafundi wa bao hatashangaa kwamba wahandisi walichagua mchezo wa namna hiyo, kwa kuwa kete zote ziko wazi mbele ya macho, bahati haina nafasi, na anayeshinda ni yule aliyehesabu mbali zaidi. Nia ya waundaji ilikuwa kuonyesha uwezo wa kompyuta katika hesabu, ila watu walijipanga foleni ili wacheze, si ili wajifunze hesabu. Ludwig Erhard, aliyekuwa Waziri wa Uchumi wa Ujerumani Magharibi na baadaye akawa Kansela, naye alishindana na mashine hiyo akashindwa. Baada ya maonyesho Nimrod yenyewe ilivunjwavunjwa, kwa hiyo tunachokitazama leo ni nakala tu.

Neno hilo la kuvunjwa lilinirudia nilipofika kwenye Poly-Play, mashine ya kutumbukiza sarafu iliyotengenezwa Ujerumani Mashariki katikati ya miaka ya 1980 na kiwanda cha umma cha mji uliokuwa ukiitwa Karl-Marx-Stadt, ambao leo ni Chemnitz. Ni sanduku la mbao lenye runinga ndani, na ina michezo minane, mmojawapo ukiwa wa sungura na mbwa mwitu, ambao kila aliyewahi kucheza Pac-Man ataona mara moja umetoka wapi. Serikali ya nchi hiyo haikutaka vijana wake wacheze mashine za kibepari, lakini haikuweza pia kuwazuia wasizitamani, ndipo ikaamua kutengeneza ya kwake na kuisambaza katika vilabu vya vijana na nyumba za mapumziko za wafanyakazi. Muungano wa Ujerumani mbili wa mwaka 1990 ulipokuja, nyingi ziliharibiwa. Zimebaki chache mno, na hizo zimebaki kwa sababu kuna watu waliozihurumia wakati ambao kila mtu aliziona takataka.

Sitaeleza kila kitu nilichokiona, ingawa siwezi kuipita PainStation bila kuitaja: wachezaji wawili wanaorudishiana mpira kwenye kioo huweka mkono wa kushoto juu ya bamba, na anayekosa mpira huunguzwa, hupigwa shoti au huchapwa kijiti, na wa kwanza kuondoa mkono ndiye aliyeshindwa. Ni kazi ya wasanii, wala sikumruhusu mwanangu kuisogelea.

Mahali niliposimama muda mrefu zaidi ni kwenye ukuta uliopangwa mashine za nyumbani za miaka mingi. Hapo nilikumbuka, Ndugu Mhariri, mashine za kaseti tulizocheza miaka ya 1990, ambazo zilikuwa nakala za bei nafuu za mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, na ambazo kaseti zake tulizipuliza kwa mdomo kila zilipokataa kuwaka. Wakati huo hakuna aliyetuambia kwamba mashine ya kwanza ya nyumbani kutumia kaseti za kubadilisha, Fairchild Channel F ya mwaka 1976, ilitengenezwa na kikosi cha wahandisi kilichoongozwa na Jerry Lawson, Mmarekani mweusi. Laiti tungejua, nadhani baadhi yetu tungezishika kaseti zile kwa namna nyingine.

Wengi watakumbuka pia bunduki ya kupigia bata. Mwanangu aliniuliza kwa nini tusiichomeke kwenye runinga yetu ya nyumbani, na jibu lake linaeleza ugumu wote wa kutunza historia ya aina hii. Bunduki ile haikufyatua kitu chochote. Ilikuwa jicho la kupokea mwanga. Ulipobonyeza kifyatulio, kioo kiligeuka cheusi kufumba na kufumbua, kisha mahali alipo bata pakatokea mraba mweupe, na bunduki ikiuona mraba huo katika nukta ileile, bata alianguka. Runinga bapa za leo huchelewa kidogo kuonyesha picha, na ucheleweshaji huo unatosha kuipofusha bunduki. Kwa hiyo ukitaka kuuhifadhi mchezo ule wa bata inakubidi uhifadhi kaseti, bunduki, mashine, na juu ya yote runinga ya chogo ambayo viwanda vimeacha kuitengeneza, pamoja na fundi anayejua kuifungua bila kurushwa na umeme. Mashine iliyofungiwa kwenye kabati la kioo ni maiti iliyooshwa vizuri. Wenye makumbusho haya wamelitambua hilo, na ndiyo maana nyingine kati ya zile mashine unaruhusiwa kuzishika na kuzicheza.

Hata Marekani, ambako fedha na wataalamu wapo, utafiti uliotolewa mwaka 2023 na Video Game History Foundation, taasisi ya kuhifadhi historia ya gemu, ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa nchini humo haipatikani tena madukani.

Ombi langu, basi, ni dogo na lina haraka. Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam, au chuo chochote chenye idara ya historia au ya kompyuta, kitangaze kwamba kinapokea mashine za kaseti, bunduki zake, padi, adapta na runinga za chogo, kabla wanunuzi wa vyuma chakavu hawajazimaliza uani kwetu. Zaidi ya vyombo, wahojiwe waliokuwa na vibanda vya gemu, waeleze walitoza kiasi gani kwa dakika ngapi, waliagiza kaseti kutoka wapi, na umeme ulipokatika katikati ya mchezo pesa ya mteja ilihesabiwaje. Watu hao bado wapo na wengi bado si wazee. Kwa upande wangu nimemwandikia dada yangu aliyeko Morogoro atazame chini ya kitanda cha marehemu baba, kwani mara ya mwisho sanduku letu lilikuwa huko, likiwa na kaseti nne na padi moja isiyo na kitufe cha kurukia.

Wako,
Msomaji, Berlin, Ujerumani